Maji ya Matunda na Damu Yetu

Katika kisiwa chetu cha Pemba hapana mtu asiyejua kukamua tunda. Mabungo hutiwa maji na kuvurugwa, ukwaju hurowekwa, machungwa hukamuliwa kwa mkono, na mwezi wa Ramadhani ukiingia ni nadra kuona futari isiyo na jagi la sharubati. Kwa hiyo makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji namna ya kupata kinywaji kitamu. Yakusudia kuuliza maswali mawili ambayo sisi wanafunzi hatuyaulizi sana. Maji hayo ya matunda, yakishafika kinywani, yamebakiwa na nini ndani yake? Na je, twayanywa wakati unaofaa?

Kwanza tutazame habari moja ya zamani iliyotukia katika mwambao wetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekwisha kupatwa na kiseyeye, maradhi ambayo huvimbisha ufizi na kuutoa damu, hufumua makovu ya zamani, na mwisho huua. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapata nafuu. Mwenzao mmoja aliyeandika habari za safari hiyo alisema kwamba wamepona kwa kuwa hewa ya Mombasa ni njema! Lakini mwezi wa Januari 1499, walipofika Malindi katika safari ya kurudi kutoka Bara Hindi, kitu walichokiagiza pwani kwa ajili ya wagonjwa wao hakikuwa hewa, bali machungwa.

Miaka mia mbili na nusu ikapita kabla ya mtu kulijaribu jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika manowari ya Kiingereza, aliwatwaa wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wote walikula chakula cha namna moja, ila kila jozi ilipewa dawa yake mbali: hawa siki, hawa maji ya bahari, na kadhalika. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kwa siku. Katika muda wa siku sita hivi mmoja wa hao wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenziwe akawekwa kuwauguza waliosalia. Pamoja na hayo Jeshi la Wanamaji la Uingereza halikuanza kuwapa mabaharia wote maji ya malimau mpaka mwaka 1795. Kitu chenyewe kinachoponya kilikuja kutengwa na Mhungari Albert Szent-Györgyi mwaka 1928, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Leo twakiita vitamini C.

Kisa hiki kina mkia wake, nao kwangu mimi ndio wenye faida zaidi. Katika karne ya 19 Waingereza waliacha malimau wakachukua ndimu zilizolimwa katika visiwa vyao vya Karibi. Ndimu ina vitamini C kama nusu tu ya ile ya limau. Juu ya hayo, maji yake yalipitishwa katika mabomba ya shaba na kukaa muda mrefu yakipigwa na hewa. Mwaka 1875 Kapteni George Nares aliongoza safari ya kwenda upande wa Ncha ya Kaskazini akiwa na shehena ya maji hayo ya ndimu, na watu wake wakashikwa na kiseyeye hata ikabidi warudi mwaka 1876 kabla ya wakati. Maji yalikuwa makali kama kawaida, na ulimi haukuweza kutambua kuwa nguvu yake imekwisha kutoka.

Basi ukali si dalili ya vitamini C. Ukwaju ni mkali kuliko chungwa, lakini katika gramu 100 za ukwaju mna miligramu 3 au 4 tu. Gramu 100 za chungwa zina kama 50, limau vivyo hivyo, embe hupata kama 36, na ndimu karibu 30. Na pera, tunda tunalowaachia ndege na watoto wadogo, lapita miligramu 200. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 45 kwa siku, na kijana wa umri wetu 40. Sina ugomvi na ukwaju, maana nami naupenda. Nasema tu kwamba anayeunywa kwa kutafuta vitamini C amegonga mlango usio wake.

Maadui wa vitamini hii ni hewa, moto na shaba. Sharubati iliyokamuliwa asubuhi ikaachwa wazi mezani mpaka magharibi si ile iliyokamuliwa sasa hivi. Iliyochemshwa imepungukiwa zaidi. Maji ya kuchanganyia na yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe tunda. Wengine hufanya kinyume chake, wakalipika tunda pamoja na maji.

Sasa tuje kwenye damu. Kiseyeye si maradhi yanayotusumbua Pemba siku hizi. Yanayotusumbua ni upungufu wa damu, nao umechunguzwa sana katika kisiwa hiki. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoto wa shule wa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba sababu moja kubwa ya watoto kupungukiwa na madini ya chuma ilikuwa ni minyoo ya safura, ambayo hujishika katika utumbo na kunyonya damu. Wazee wetu walilijua jina la safura zamani sana, na dalili zake walizijua: uso kupauka, miguu kuvimba, pumzi kuwa fupi. Malaria nayo huharibu damu. Wasichana waliokwisha baleghe hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo huhitaji chuma zaidi kuliko wavulana. Mwanafunzi mwenye damu pungufu huchoka upesi na akili yake haitulii katika somo. Pengine mwalimu humwita mvivu, na huenda si mvivu.

Msomaji atasema: basi kila mtu na apewe vidonge vya chuma, mambo yaishe. Jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa Pemba kwa watoto wadogo wasiofika miaka mitatu. Mwaka 2003 ilibidi utoaji wa vidonge vya chuma na asidi ya foliki usimamishwe, kwa kuwa waliopewa walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2006 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili mashauri yake kwa nchi zenye malaria. Isieleweke kwamba vidonge ni vibaya. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa watoto waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walinufaika. Maana yake ni kwamba vidonge ni kazi ya daktari aliyekwisha kupima damu, na aliyeandikiwa avimeze kama alivyoambiwa. Chakula ndicho kilicho mikononi mwetu sisi wenyewe.

Na hapa ndipo sharubati inapopata kazi yake ya kweli. Chuma kilichomo katika nyama na samaki huingia mwilini kwa wepesi. Kile kilichomo katika maharage, kunde, choroko na mchicha ni kizito kuingia, na sehemu kubwa hupita bure ikatoka. Vitamini C hukigeuza chuma hicho kuwa katika hali ambayo utumbo waweza kukipokea. Katika mlo mmoja waweza kupata chuma mara mbili ya kile ambacho ungekipata kwa kula maharage peke yake, au hata zaidi. Lakini sharti vikutane tumboni kwa wakati mmoja. Bilauri ya maji ya chungwa inayonywewa saa kumi jioni haiyasaidii kitu maharage yaliyoliwa saa saba mchana.

Chai hufanya kinyume. Ndani yake mna vitu vinavyokifunga chuma kisiingie, na kahawa ni vivyo hivyo. Katika mabweni desturi yetu ni kula maharage au kunde, kisha kushushia kwa kikombe cha chai ya rangi. Lau chai hiyo ingengoja saa moja au mbili baada ya chakula, na mahali pake pakawekwa chungwa moja au kipande cha ndimu cha kukamulia juu ya mchuzi uliokwisha kuepuliwa, gharama isingeongezeka sana. Ndimu haina nguvu ya chungwa, kweli, lakini ikikamuliwa mbichi ndani ya sahani, kidogo iliyo nayo haipotei njiani.

Je, kunywa ni bora kuliko kula? Aghalabu si hivyo. Ili kujaza bilauri moja hukamuliwa machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zake hutupwa pamoja na makapi. Bilauri hiyo, hata bila kutiwa kitu, ina sukari karibu gramu 20, yaani kama vijiko vitano vya chai. Nasi tena twaongeza sukari juu yake! Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya maji ya matunda katika fungu moja na sukari ya dukani, na mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari zote za fungu hilo zisizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Bilauri mbili zenye kutiwa sukari zaweza kumaliza kipimo hicho. Mwenye meno yake na ale chungwa. Sharubati yafaa zaidi mgonjwa asiyeweza kutafuna, au tunda ambalo haliliwi vizuri kwa namna nyingine, kama bungo.

Mboga nazo siku hizi hukamuliwa. Karoti na tango havina neno. Rangi ya karoti hugeuka kuwa vitamini A mwilini, nayo huingia vizuri zaidi ikiwa chakula kina mafuta kidogo. Ndiyo maana mchicha wa nazi ni chakula cha akili. Ila asitokee mtu akasaga kisamvu kibichi akanywa kwa kuwa ni cha kijani. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi, na mabibi zetu hawakukitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa ajili ya ladha tu.

Neno la maji nalo lisisahauliwe. Kipindupindu kimepita visiwani mwetu zaidi ya mara moja, hata mwaka 2009 chanjo yake ya kunywa ilitolewa kwa watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba. Sharubati iliyochanganywa na maji yasiyochemshwa, au kutiwa barafu ya maji hayo, yaweza kuleta maradhi kuliko siha.

Kwa atakayetaka kujaribu pera msimu wake ukifika: lioshe, lisimenywe, kwa maana vitamini nyingi imo katika ganda na nyama iliyo karibu na ganda. Likate, lipondeponde katika bakuli la udongo au la plastiki, utie maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha chuja kokwa kwa kitambaa safi. Mapera matatu yaliyoiva vizuri hayahitaji sukari. Tia bilauri, uiweke kando ya sahani ya maharage, unywe huku ukila.