Ukirudi nyumbani baada ya kuondolewa titi



Somo letu la leo linamhusu mama aliyefanyiwa operesheni ya kuondolewa titi kwa sababu ya saratani, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa. Linamhusu pia mume wake, watoto wake, wakwe zake na majirani zake. Hospitali humlaza siku chache tu. Kazi kubwa inayobaki hufanyika nyumbani.

Nchini Tanzania saratani ya titi ni ya pili kwa wingi kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa, soma. Huenda jirani akakuhitaji.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu, alikuja zahanati mama mmoja aliyeondolewa titi la kushoto. Nilimsafisha kidonda kwa wiki tatu. Nyuzi zilipotoka na kidonda kikawa kikavu, nilimwambia, "Mama, umepona." Akanishukuru, "Ahsante mwanangu," na kesho yake akaniletea karanga.

Siku zote hizo mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa khanga. Sikumwuliza kwa nini. Wala sikumwomba barua yake ya hospitali niisome yote.

Baada ya miezi minne alirudi. Mkono haukupanda tena. Hakuweza hata kufunga kilemba. Nikaomba ile barua. Tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa imepita zaidi ya miezi mitatu. Majibu ya kinyama kilichopimwa yalikuwa yanamsubiri huko, na dawa pia. "Si uliniambia nimepona?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Alikwenda, akaanza dawa akiwa amechelewa. Mkono umerudi kwa sehemu tu. Tangu siku ile sisemi "umepona" kwa sababu ya kidonda kukauka. Tujifunze pamoja ili kosa hilo lisirudiwe.

1. SIKU ZA KWANZA

Katika operesheni hii daktari huondoa titi, na mara nyingi huondoa pia tezi za kwapani. Kwa hiyo usishangae ukisikia mambo haya:

(a) Ngozi ya kifua, kwapa na sehemu ya ndani ya mkono kufa ganzi. Ganzi nyingine hupungua kwa miezi, nyingine hubaki.

(b) Kuwashwa, kuchomwachomwa, au kuhisi kama titi bado lipo. Huo si uchawi, wala wewe si mwongo. Mishipa ya fahamu iliyokatwa ndiyo inayoleta hisia hizo.

(c) Kuchoka upesi kwa wiki kadhaa. Pumzika mchana bila kuona haya.

Tumia dawa ya maumivu uliyopewa. Kama ni Panadol za miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 2 kwa mara moja, wala vidonge 8 kwa saa 24. Usivumilie maumivu mpaka ukashindwa kusogeza mkono.

2. KIDONDA NA MPIRA WA MAJI

Wengine hurudi nyumbani wakiwa na mpira mwembamba uliotoka kifuani na kuingia katika chupa. Mpira huo hutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Mwanzo maji huwa mekundu, kisha hufifia, na mwisho huwa ya manjano.

Fanya hivi:

(a) Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au kidonda.

(b) Bana chupa kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda. Isining'inie ikavuta ngozi.

(c) Mwaga maji jinsi ulivyofundishwa hospitali. Kila siku, saa ile ile, andika kiasi katika daftari. Kama huna miwani, mtoto wa shule akuandikie.

(d) Usiukate wala kuuchomoa mwenyewe. Madaktari wengi huutoa maji yakipungua kufikia karibu mililita 30 kwa saa 24, yaani kama vijiko 2 vya chakula. Ndiyo maana lile daftari lina kazi.

Weka bendeji safi na kavu. Usipake majivu, mafuta, dawa ya meno wala majani, hata kama anayekuletea anakupenda sana. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kwa tarehe iliyoandikwa katika barua, mara nyingi kati ya siku 10 na 14.

Baada ya mpira kutoka, huenda pakavimba na pakatikisika kama mfuko wa maji. Hayo ni maji yaliyobaki. Usitoboe. Nenda kituoni, yakihitajika kutolewa, yatatolewa kwa sindano safi.

3. MKONO USIFUNGWE

Watu wengi hudhani mkono ukitulia ndipo kidonda hupona. Sivyo. Mkono uliofungwa muda mrefu hukakamaa begani, kama mlango usiofunguliwa masika nzima.

Wiki ya kwanza, kama daktari hakukukataza: kunja na kunjua vidole, kunja kiwiko, zungusha mabega taratibu. Jichane nywele, jioshe uso, kula kwa mkono huo. Wakati mpira bado upo, usiinue mkono kupita usawa wa bega.

Mpira ukishatoka na daktari akikuruhusu, ongeza haya:

(a) Simama ukitazama ukuta. Tembeza vidole kupanda juu kama buibui. Ulipofika leo, weka alama ya mkaa. Kesho jaribu kuipita.

(b) Lala chali juu ya mkeka. Shika fimbo kwa mikono miwili, uipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Mkono mzima unausaidia ule mgonjwa.

Kila zoezi lifanye mara 5 hadi 10, mara 3 kwa siku. Kuvutwa kidogo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali, simama.

4. KAZI ZA NYUMBANI

Kusogeza mkono ni jambo moja, kubeba mzigo ni jambo jingine. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kwa wiki 6 hivi, au mpaka daktari aruhusu, mama asichote maji, asitwange, asilime, asibebe kuni wala mtoto mgongoni. Anaweza kuchambua mchele, kumenya vitunguu na kukunja nguo.

Hapa nasema na baba wa nyumba. Maji hayajali ndoo imebebwa na mwanamume au mwanamke. Kaeni jioni moja na watoto, mgawane kazi: nani atachota, nani atapika, nani atamsindikiza mama kituoni. Mkifanya hivyo kabla hajarudi kutoka hospitali, hatalazimika kuomba.

Chakula hakina mwiko wa pekee. Ugali, wali au ndizi pamoja na maharage, dagaa au mayai, mboga za majani na matunda vinatosha. Kidonda hujengwa kwa chakula.

5. MOYO NAO UNA KIDONDA

Siku ya kwanza kujitazama kifuani ni siku ngumu. Unaweza kujitazama peke yako au pamoja na mtu unayemwamini. Kulia si udhaifu. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi ukipotea, au ukianza kuona afadhali ufe, mwambie mtu siku hiyo hiyo na umwone mganga. Hiyo nayo hutibiwa.

Saratani haiambukizi. Kuleni sahani moja, laleni kitanda kimoja. Mume na mke wanaweza kurudi katika tendo la ndoa mama anapojisikia tayari, bila kukandamiza kidonda. Ila asishike mimba wakati wa matibabu, maana dawa nyingi humdhuru mtoto. Watumie kondomu au kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vina homoni, na aliyeugua saratani ya titi asivitumie bila daktari wake kujua.

Kwa nguo kukaa vizuri, shona kifuko cha kitambaa laini, ukijaze pamba, ukiweke ndani ya sidiria. Anza kidonda kikishapona. Asiyetaka kuvaa, asilazimishwe.

6. DALILI ZA HATARI

Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

(a) homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka;

(b) kidonda kuwa chekundu na cha moto, kutoa usaha, kunuka au kuachia;

(c) damu nyingi, au chupa kujaa damu ghafla;

(d) mpira kuchomoka;

(e) mkono kuvimba, au kuwa mwekundu na wa moto.

Ukibanwa na pumzi au kuumwa kifua ghafla, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje asubuhi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kuhusu mkono kuvimba, jua kwamba unaweza kuja miezi au hata miaka baada ya tezi za kwapani kuondolewa. Bangili ikianza kubana, hiyo ni ishara ya mapema. Epuka kuungua jikoni na kukatwa na kisu; ukipata mchubuko, osha kwa sabuni na maji safi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, toa mkono mwingine kwa sindano na kipimo cha presha.

7. KIDONDA KIKIPONA, MATIBABU HAYAJAISHA

Hili ndilo jambo ninaloomba ulikumbuke kuliko yote. Titi lililoondolewa hupimwa maabara. Majibu ndiyo humwonyesha daktari kama zinahitajika dawa za mishipa, mionzi, au vidonge. Wapo wanaopewa vidonge vya tamoxifen kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mionzi hutolewa katika hospitali chache tu, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, kwa hiyo safari hupangwa mapema.

Dawa hizi huwinda chembe za saratani zisizoonekana kwa macho. Mgonjwa hana maumivu, kidonda kimefunga, shamba linamwita. Hapo ndipo wengi huacha. Hapo ndipo mama yule aliacha, kwa neno langu.

Kabla hujatoka hospitali uliza mambo manne: Narudi tarehe gani? Majibu yatatoka lini? Nikipata tatizo nampigia nani? Dawa ipi inafuata? Yaandike nyuma ya barua. Tarehe ya kurudi iandike pia ukutani, karibu na zile alama za mkaa.

Endelea kulichunguza titi lililobaki. Na binti zako na dada zako waambie wazi ulichougua, ili wakiona uvimbe wasiufiche.

Mama yule bado anakuja zahanati. Siku hizi kabla ya kumtazama kifua namwambia, "Mama, naomba barua." Yeye hucheka, akaitoa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mkono wa upande uliopasuliwa usifungwe kifuani?

2. Taja dalili nne zinazomtaka mgonjwa aende kituoni siku hiyo hiyo.

3. Katika nyumba yenu, nani angechota maji kwa wiki 6? Elezeni mgawanyo wenu.

4. Jirani anasema, "Kidonda kimekauka, za nini nauli za hospitali?" Utamjibu nini?