Wateja Wako Waandike Kwenye Daftari

Mdogo wangu wa Buyenzi, Bujumbura, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili chai ilinipoa mkononi. Miaka minne umeuza vitenge kwenye ukurasa wako, wafuasi wakafika elfu kumi na moja, halafu asubuhi moja unafungua simu unakuta umefungiwa. Maandishi ya mstari mmoja: umekiuka kanuni. Kanuni ipi, hawakusema. Ukabonyeza mahali pa kukata rufaa, jibu likarudi hata simu hujaiweka chini, maneno yale yale. Mwishoni umeniuliza, "Dada, nikamlilie nani?"

Nianze na la haraka. Yule kijana aliyekuambia anajua njia ya kuurudisha ukurasa, umtumie faranga laki mbili na picha ya kitambulisho chako pande zote mbili, usimtumie chochote. Hata faranga moja. Watu wa namna hiyo wanavizia waliofungiwa kama nzi wanavyovizia ndagala zilizoanikwa. Akishapata kitambulisho chako, kesho kuna akaunti nyingine yenye jina lako inakopa pesa kwa shangazi zako. Kama ulishamtumia picha, waambie ndugu leo hii wasipokee ombi lolote la pesa lenye jina lako mpaka wasikie sauti yako.

Sasa tuzungumze hilo linalokuchoma.

Hasira yako ina haki, na usikubali mtu akuambie "lakini ni bure, mbona hulipi kitu?" Unalipa. Unanunua mega kila siku. Unapiga picha nzuri, unaandika, unawajibu watu usiku wa manane, na watu wanaingia kwenye mtandao huo kukutafuta wewe. Wakishaingia, mwenye mtandao anawaonyesha matangazo anayolipwa. Sitautaja mtandao uliokufungia, maana barua za namna hii nazipata kuhusu karibu yote mikubwa. Lakini ukitaka kujua ukubwa wa watu hawa, chukua Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp: mwaka 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 164, karibu zote za matangazo. Pato la Burundi nzima kwa mwaka, mashamba ya chai na kahawa yakiwemo, halifiki sehemu moja ya ishirini ya hizo. Ndiyo maana ukigonga mlango hakuna anayetoka. Kwao wewe na mimi tu wadogo mno kuwekewa mtu wa kutusikiliza.

Na hilo halitokani na chuki yangu. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje nyaraka za ndani za kampuni. Zikaonyesha kwamba katika kazi ya kutambua habari za uongo, asilimia 87 ya bajeti ilikwenda Marekani, wakati watu wa Amerika Kaskazini yote walikuwa kama mtu mmoja tu kati ya watumiaji kumi wa kila siku. Waliobaki, dunia nzima, waligawana asilimia 13. Fikiria Kirundi kilipata nini humo. Fikiria Kiswahili chetu hiki cha Buyenzi, kilichochanganyika Kirundi na Kifaransa, mashine ikikisoma itaelewa nini. Huenda neno lako la mzaha kwa mteja ndilo lililokufungia.

Siku moja kabla Haugen hajazungumza mbele ya maseneta wa Marekani, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima. Hapa kwetu ilikuwa Jumatatu, inakaribia saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nasubiri ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wangu mwingine, aliyekuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu; mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nilizima simu nikaiwasha, nikanunua mega nyingine nikidhani zimeisha, jirani naye akafanya vilevile. Mpaka karibu saa sita usiku hakuna kilichopita. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini usiku ule ndipo nilipogundua kwamba namba ya kawaida ya mdogo wangu sikuwa nayo popote, wala kichwani wala kwenye karatasi. Nilikuwa nabonyeza picha yake tu. Kampuni ya Marekani ndiyo iliyokuwa imenishikia ndugu yangu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama.

Mama alikuwa na kibanda Soko Kuu la Bujumbura. Tarehe 27 Januari 2013, Jumapili asubuhi, soko likashika moto. Wenye umri wangu hawahitaji kusimuliwa: moshi ulionekana hadi juu milimani, na helikopta zilikuja kutoka Rwanda kusaidia kuzima. Mzigo wote wa mama ukaisha, wax za Kongo alizozichukua kwa mkopo zikiwemo. Kilichobaki ni daftari. Jumamosi jioni alikuwa amelileta nyumbani kupiga hesabu, akalala nalo chini ya godoro. Daftari la jalada la buluu, kona zimeliwa. Humo kulikuwa na kila mteja: mke wa mwalimu wa Gitega, anapenda kijani, hapendi maua makubwa, bado elfu kumi na mbili. Wale dada wawili wa Rumonge, vitambaa vya harusi, Agosti. Namba ya simu pembeni, na kama hana simu, namba ya jirani yake. Wiki ile ile mama alianza kupiga simu. Kuna waliomlipa madeni wakilia naye. Baada ya miezi miwili alikuwa ametandika mkeka barazani kwetu, anauza tena.

Mdogo wangu, wafuasi wako elfu kumi na moja wako wapi? Umeniandikia kwamba wanaonunua hasa, mara kwa mara, ni kama themanini. Hao themanini unawajua. Kaa chini jioni hii, kabla umeme haujakatika, uwaandike mmoja mmoja: jina, mtaa, namba, anapenda nini, anadaiwa nini. Ambaye humkumbuki namba, tafuta kwenye ujumbe wa zamani, kwenye risiti za Lumicash au Ecocash, muulize dereva wa bajaji aliyempelekea mzigo. Hata themanini wasipotimia, ukipata hamsini una biashara. Kisha wapigie. Simu ya sauti, sekunde arobaini: "Ni mimi wa vitenge, ukurasa wangu umefungwa, mzigo ninao, niko avenyu ile ile."

Ukifungua ukurasa mwingine, na utafungua, maana wateja wapya wanapatikana huko na sitakudanganya kwamba tunaweza kuihama mitandao, basi uwe ubao wa kuelekeza watu. Kila anayekuja humo, chukua namba yake ndani ya siku hiyo. WhatsApp yako iwekee namba ya siri ya tarakimu sita, ile ya hatua ya pili, iko kwenye mipangilio upande wa akaunti. Na mtu akikuandikia "nimekutumia namba ya uthibitisho kwa makosa, naomba unirudishie", hata akiwa na picha ya mama yako, usimpe.

Tena usisahau kwamba swichi haishikwi na wenye mitandao peke yao. Aprili 2015, na tena siku ya uchaguzi wa Mei 2020, mitandao ilifungwa hapa nchini kwa amri. Mwenye daftari aliendelea kuuza.

Lakini nisikuache na daftari peke yake, maana ningekuwa nimekuambia uvumilie tu. Tazama Nairobi. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alikuwa akichuja picha za kutisha za Facebook akiwa ameajiriwa na kampuni iitwayo Sama. Baadhi ya wachujaji pale walilipwa dola moja na nusu tu kwa saa, kutazama watu wanavyochinjwa. Mei 2022 aliishtaki Sama na Meta pia. Wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao mwaka uliofuata. Meta ikasema yenyewe si kampuni ya Kenya, mahakama za Kenya haziihusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa hoja hiyo, kesi ziendelee. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 waliofanya kazi za Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia kampuni nyingine walikuwa wameshapiga kura Nairobi kuunda chama chao. Walikuwa watu wa mshahara mdogo, wengi wageni katika nchi ya watu, na majaji waliwasikiliza.

Ninyi wauza vitenge wa Buyenzi na wa soko la kwa Siyoni mko wangapi mliofungiwa? Umenitajia watatu bila hata kufikiri. Watafuteni wengine. Kila mmoja apige picha ya ule ujumbe wa kufungiwa, aandike tarehe na hasara aliyopata, kisha mpeleke pamoja ABUCO, chama cha watumiaji, na nakala ARCT, wasimamizi wa mawasiliano. Barua yenye majina thelathini na mihuri ya mapokezi mtu hawezi kuitupa kirahisi, na siku nchi hii itakapoketi na kampuni hizi, karatasi hizo zitakuwa mezani.

Jumamosi nitapita kwako baada ya adhuhuri. Daftari nalileta mimi, lenye jalada gumu. Wewe andaa simu yenye inite za kupiga, tutaanza na wale wa Gitega.