Andikeni Wosia Mkingali Wawili

Wapendwa wanandoa, wengi wetu hatupendi kutaja kifo nyumbani. Twaogopa kuleta mkosi. Lakini siku ya ndoa tulikitaja wenyewe mbele ya altare.

Fikirini mama wa hapa Chechelesi aliyefiwa na mumewe. Matanga hayajaanuliwa, na mashemeji wameanza kugawana mbuzi. Anasema, "Baba watoto alisema mifugo ni ya watoto wake." Aulizwa, "Alisema lini, mbele ya nani?"

Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilitaja Isiolo kati ya wilaya ambazo mifugo na mashamba ya asiyeacha wosia hugawanywa kwa mila ya jamii yake. Wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili, na ukipita miezi 3 mwenyewe akiwa hai, kwa kawaida hauna nguvu. Basi andikeni, mtie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Msimsahau yeyote anayewategemea.

Msiba ukifika, pata kibali cha mazishi, halafu cheti cha kifo. Chukua kwa chifu barua yenye majina ya warithi wote, uende mahakamani. Kabla mahakama haijamkubali msimamizi, anayeuza mali ya marehemu avunja sheria, hata akiwa ndugu.

Jioni hii, baada ya sala, ulizaneni:

1. Hati zetu ziko wapi?
2. Tunadaiwa na nani?
3. Nikitangulia, nani atakusumbua, nami nimefanya nini kukukinga?