Miaka Minne na Vitabu Vikuu

SWALI: Mzazi mmoja Mtanzania anayeishi Texas, Marekani, anamfundisha binti yake nyumbani. Anauliza apangeje masomo ya sekondari kwa mtindo wa kale wa Kikristo.

JIBU: Aanze na historia, kisha fasihi na theolojia ziifuate. Familia nyingi huigawa miaka 4 hivi: Ugiriki na Roma, Zama za Kati, Matengenezo ya Kanisa, kisha karne za karibuni. Mwaka wa kwanza ni wa Homer na Virgil, sambamba na Agano la Kale. Mwanatheolojia Augustine apewe nafasi ya pekee. Alizaliwa Thagaste mwaka 354, katika Algeria ya leo, na binti wa Kiafrika anastahili kulijua hilo mapema.

Mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers, katika hotuba yake ya Oxford mwaka 1947, alirejesha ngazi tatu za kale za elimu: sarufi, mantiki na balagha. Sekondari ni wakati wa balagha, hivyo binti aandike insha na kuitetea mbele ya familia. Vitabu vichache vinavyosomwa kwa utulivu vinashinda rundo linaloparamiwa.

Hisabati na sayansi zisipunguzwe hata kidogo. Texas haimdai mzazi kujisajili serikalini, lakini vyuo vikuu huomba orodha ya masomo na alama. Mzazi ndiye anayeiandaa, kwa hiyo aianze muhula wa kwanza.