Fantasia Ina Kazi Gani? Funzo Kutoka kwa Skin of the Sea

Kabla hujaingia katika maswali ya riwaya yako teule, hebu tutue kidogo kwenye kitabu ambacho hakimo katika silabasi. Ni riwaya ya vijana iliyoandikwa kwa Kiingereza, Skin of the Sea, ya Natasha Bowen, iliyotoka mwaka 2021. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ndiye aliyeniazima. Niliipokea kwa adabu tu. Niliposikia inahusu nguva, nilijiambia nitakutana na mapenzi ya binti wa majini na kijana mtanashati, basi. Nilikosea, na kosa langu ni lile lile ninalolikuta katika karatasi za watahiniwa.

Riwaya inatupeleka Afrika Magharibi ya karne ya 15. Simi, mhusika mkuu, ni Mami Wata aliyeumbwa na Yemoja, mmoja wa maorisha, yaani miungu ya Wayoruba. Hakai juu ya mwamba akichana nywele. Huzifuata meli za watumwa, na mateka anapofia baharini, Simi huipokea roho yake na kuiombea irudi salama kwa Olodumare, Mungu Mkuu. Siku moja anayetupwa majini, Kola, angali anapumua. Simi anamwokoa. Kumbe kuokoa uhai ni kuvunja amri, na adhabu yake haitamwangukia yeye peke yake.

Sasa ilinganishe hadithi hii na historia. Mwaka 1444 Wareno waliwashusha mateka Waafrika 235 katika mji wa Lagos (ule wa Ureno, si wa Nijeria). Katika karne zilizofuata, watafiti wanakadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa katika meli za kuvuka Atlantiki, na takriban milioni 1.8 wakafia njiani. Tarakimu hizi unaweza kuzikariri usiku mmoja na kuzisahau mtihani ukiisha. Aliyezama hakuacha barua. Aliyemtupa alimhesabu kama shehena iliyoharibika. Mwanahistoria hufika hapo akakwama, kwa kuwa hana hati ya kumwambia marehemu alimlilia nani. Bowen hakwami. Anamweka nguva chini ya meli ili kila anayezama apate wa kumpokea.

Kuna jambo jingine lililonifanya niirudie sura nzima. Simi mwenyewe aliwahi kuwa binadamu, naye alikuwa mateka. Akiwa baharini amesahau karibu kila kitu. Akipata miguu na kutembea nchi kavu, kila hatua humuuma, lakini kumbukumbu za mama yake na za kwao huanza kurudi. Umeona? Kugeuka umbo, ambako ni fantasia tupu, ndiko kunakobeba kisengere nyuma cha riwaya nzima.

Sisemi kitabu hiki hakina dosari. Safari ya katikati imejaa viumbe kupita kiasi: yumbo wa Wawolof wa Senegali, Sasabonsam wa Waakan wa Ghana, na wengineo, mpaka nikahisi natembezwa makumbusho kwa haraka. Hata mapenzi niliyoyatabiri yamo. Ila hayakuwa ndiyo mzigo.

Turudi kwa mtihani. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu fantasia au uhalisiajabu, mara nyingi huandika kwamba mwandishi ameitumia ili kumburudisha msomaji. Hilo si uongo, lakini halikupi alama, kwani linaweza kusemwa kuhusu kitabu chochote. Fanya hivi: liondoe tukio la ajabu, kisha uangalie kinachoanguka. Ukimwondoa nguva katika riwaya hii, waliozama wanabaki tarakimu, na Kola anakufa katika kurasa za mwanzo. Basi andika hicho kilichoanguka, ukitaje kwa jina la mhusika na tukio. Na ikiwa hakuna kinachoanguka, usiogope kusema kwamba ni pambo tu; mtahini hatakunyima alama kwa hukumu uliyoithibitisha.

Zoezi
Chagua tukio moja lisilo la kawaida katika riwaya yako teule. Kwa kulirejelea, onyesha ukweli ambao mwandishi asingeweza kuufikisha kwa njia ya uhalisia pekee. (alama 20)