SOMO: Kumchagua Fundi wa Kompyuta wa Chama au wa Duka



Katika somo hili tutajifunza namna ya kumchagua fundi wa kutunza kompyuta za biashara yetu. Tunamzungumzia fundi wa nje. Huyu hakuajiriwa na chama wala na duka. Tunamlipa kwa kazi anayotufanyia. Anaweza kuwa mtu mmoja, au kampuni yenye mafundi kadhaa.

Huenda mkulima wa kahawa wa Mbozi, au wa ufuta wa Momba, akauliza, "Kompyuta inanihusu nini mimi?" Inakuhusu sana. Zamani kilo zako ziliandikwa kwenye daftari la chama. Siku hizi katika vyama vingi zinaandikwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikifa, na nakala hakuna, utadai malipo yako kwa ushahidi gani? Hapa Tunduma nako ni hivyo hivyo. Karatasi za forodha hutengenezwa kwa kompyuta. Kompyuta ya wakala ikigoma, lori la mteja linalala kwenye foleni ya mpakani, na dereva anakula posho bure.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1967, zaidi ya nusu ya watu wazima nchini kwetu hawakujua kusoma na kuandika. Karani ndiye aliyeshika daftari. Wengine waliweka dole gumba tu, wakaamini walichoambiwa. Ndiyo maana mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Tulijifunza kusoma ili mambo yetu tuyaone kwa macho yetu wenyewe.

Sasa tuangalie vizuri. Kama fundi mmoja ndiye peke yake anayejua namba za siri, na ndiye peke yake anayejua nakala zilipo, basi tumerudi kwenye dole gumba. Kwa hiyo jambo kubwa la somo hili ni hili: fundi ni msaidizi wetu, lakini funguo ni zetu.

1. TUJUE KWANZA KAZI TUNAYOTAKA

Kabla ya kumtafuta fundi, tukae chini tuandike. Tuna mashine ngapi? Zinafanya kazi gani? Mwaka jana ziliharibika mara ngapi? Ni saa zipi hatuwezi kabisa kukaa bila mashine?

Tutenganishe pia kazi ya fundi na kazi isiyo yake.

(a) Mashine ya risiti ya EFD. Mashine hizi zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Zinauzwa na kutengenezwa na mawakala walioidhinishwa na TRA. Fundi wetu wa kompyuta asiifungue. Ikiharibika, tutoe taarifa mara moja kwa wakala aliyeidhinishwa na kwa TRA.

(b) Intaneti. Hii inaletwa na kampuni ya simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo hata fundi hodari hana la kufanya. Lakini fundi mzuri atakuwa ametufundisha mapema namna ya kuendelea kuuza na kupima bila intaneti, kisha kuingiza hesabu baadaye.

(c) Kompyuta, printa na programu za hesabu. Hapa ndipo penye kazi ya fundi wetu: kutengeneza, kuzuia virusi, kutunza nakala, na kuwafundisha watu wetu.

2. MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Tusimchague fundi kwa sababu ni shemeji wa mwenyekiti, au kwa sababu anajua kuongea. Tuwaite mafundi wawili au watatu, tuwaulize wote maswali yale yale, na majibu tuyaandike.

- Ofisi yako iko wapi? Fundi aliyeko Mbeya yuko umbali wa kilomita 100 hivi kutoka Tunduma. Nauli atalipa nani?
- Una leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi? Utatoa risiti?
- Ukiugua au ukisafiri, nani atakuja badala yako?
- Tukikuita saa 2 asubuhi, utafika saa ngapi?
- Unawahudumia akina nani sasa? Tupe wateja wawili tuzungumze nao.

Swali hili la mwisho tusilipuuze. Twende kwa wateja hao. Tusiwaulize tu kama fundi ni mzuri, maana wengi watajibu "ndiyo" kwa adabu. Tuwaulize hivi: "Mara ya mwisho mashine ilipoharibika, ilichukua siku ngapi kupona?" Jibu la siku linaeleza mengi.

Fundi akitoka ng'ambo, Nakonde, tuulize zaidi. Je, ana kibali cha kufanya kazi Tanzania? Tukigombana, shauri litaamuliwa nchi gani?

Kisha tumpe jaribio. Tumwambie, "Chukua nakala ya hesabu zetu za jana, uzirudishe kwenye kompyuta nyingine, tukiona." Akiweza, tutaona majina na tarakimu zetu zimerudi. Asipoweza, ni heri tumejua leo kuliko msimu wa mavuno. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa hatuwezi kuitegemea.

3. TUPIGE HESABU YA BEI

Kuna fundi wa kuitwa, anayelipwa kila anapokuja. Kuna na fundi wa mwezi, anayelipwa kila mwezi mashine iharibike isiharibike. Tuchukue mfano wa duka la jumla.

Fundi wa kuitwa: shilingi 50,000 kila akija. Alikuja mara 8 kwa mwaka.
50,000 x 8 = 400,000

Fundi wa mwezi: shilingi 60,000 kwa mwezi.
60,000 x 12 = 720,000

Kwa haraka tutasema wa kuitwa ni nafuu. Tusiishie hapo. Tuhesabu na siku ambazo kazi ilisimama. Tuseme duka hupata faida ya shilingi 50,000 kwa siku. Fundi wa kuitwa alichelewa, kazi ikasimama siku 10. Hasara ni 500,000. Jumla inakuwa 900,000. Kwa fundi wa mwezi kazi ilisimama siku 2 tu. Hasara ni 100,000. Jumla inakuwa 820,000. Kumbe aliyeonekana ghali ndiye nafuu!

Lakini si kila mara. Duka dogo lenye kompyuta moja, inayoharibika mara moja au mbili kwa mwaka, linatosheka na fundi wa kuitwa. Kila mmoja apige hesabu yake.

Tujue pia kwamba fundi wa kuitwa hulipwa mashine ikiharibika, kwa hiyo kuzuia uharibifu hakumletei fedha. Fundi wa mwezi naye, asipobanwa, anaweza kulala usingizi. Dawa ya wote wawili ni mkataba.

4. MKATABA UANDIKWE

Maneno matupu huleta ugomvi. Mkataba uwe wa Kiswahili, na kamati yote iusome kabla ya kuweka sahihi. Uwe na mambo haya:

- Kazi anazofanya, na zile asizofanya.
- Saa za kufika baada ya kuitwa, na punguzo la malipo akichelewa.
- Bei, na nani ananunua vipuri.
- Tarehe ya kupima nakala, angalau mara moja kila mwezi.
- Muda wa mkataba. Tuanze na miezi 3 ya majaribio.
- Siku ya kuachana: atakabidhi nini, kwa nani, na katika siku ngapi.

Wengi husahau hilo la mwisho. Ni vigumu kudai makabidhiano wakati mmeshakosana.

5. FUNGUO ZIBAKI KWETU

Namba ya siri kuu ya kompyuta na ya programu iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, ifungwe na kutiwa sahihi, halafu iwekwe kwenye sanduku la fedha. Fundi apewe namba yake mwenyewe, ambayo tunaweza kuifuta siku akiondoka. Namba ya siri ya benki au ya fedha za simu asipewe kabisa. Hana kazi nayo.

Nakala za hesabu zikae mahali zaidi ya pamoja: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayotunzwa nyumba nyingine, na moja kwenye intaneti kwa jina la chama, si kwa jina la fundi.

Siku hizi fundi anaweza kuingia kwenye kompyuta yetu akiwa mbali, kwa njia ya intaneti. Si vibaya, inaokoa nauli. Lakini mtu wetu akae mbele ya kioo aangalie mpaka mwisho, na mlango ufungwe kazi ikiisha.

Tusisahau majina, simu na namba za vitambulisho vya wanachama. Tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Kumpa fundi kazi hakutuondolei wajibu huo.

Mwisho, wanachama tusiwaachie viongozi peke yao. Katika mkutano mkuu tuulize: nakala ilipimwa lini, na nani alishuhudia? Aliyesoma ana haki ya kuuliza, na ana uwezo wa kulisoma jibu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Nakala: hesabu zile zile zilizotunzwa mahali pengine.
Namba ya siri: tarakimu au herufi za kufungulia mashine.
Makabidhiano: kurudisha vitu kwa mwenyewe mbele ya mashahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika chama chenu au duka lenu, ni watu wangapi wanajua nakala za hesabu zilipo?
2. Fundi wenu akihama kesho, mtabaki na nini?
3. Fundi wa kuitwa anadai shilingi 30,000 kila akija, na huja mara 6 kwa mwaka. Kazi husimama siku 5, na hasara ya siku ni shilingi 20,000. Gharama yote kwa mwaka ni shilingi ngapi?
4. Andikeni kifungu kimoja cha mkataba kuhusu siku ya kuachana. Msomeeni mtu ambaye hakuwapo. Je, ameelewa?