Sensa na Watu Wasiohesabiwa

Sensa ni hesabu ya watu wote wanaokutwa katika nchi kwa wakati mmoja uliotajwa. Maneno hayo machache yana masharti mawili magumu. Sharti la kwanza ni neno "wote": si walipa kodi peke yao, wala si wapiga kura, bali kila mtu, tangu mtoto aliyezaliwa saa chache zilizopita hadi kikongwe asiyeweza kutoka kitandani. Sharti la pili ni "wakati mmoja". Watu huzaliwa, hufa na husafiri kila saa. Kwa hiyo hapana budi hesabu ishikamane na usiku mmoja tu, uitwao usiku wa sensa, ijapokuwa makarani huzunguka nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa baada yake.

Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 usiku huo ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Karani aliyefika nyumbani tarehe 27 hakutaka kujua ni nani waliopo leo. Alitaka kujua ni nani waliolala hapo usiku ule. Mtoto aliyezaliwa tarehe 24 hakuandikwa, na mzee aliyefariki tarehe 25 aliandikwa, kwa kuwa usiku wa sensa alikuwa hai. Wanafunzi wengi huliona jambo hili kuwa la ajabu, hata la ukatili kidogo. Lakini bila sharti hilo msafiri mmoja angeweza kuhesabiwa Morogoro siku ya Jumanne, na kuhesabiwa tena Dodoma siku ya Alhamisi. Ndiyo sababu makundi yenye kuhama upesi, yaani wasafiri waliomo katika vituo vya mabasi, wageni wa hoteli, wagonjwa waliolazwa na watu wanaolala barabarani, huhesabiwa kwanza, usiku huohuo.

Tangu Muungano wa mwaka 1964 Tanzania imefanya sensa sita. Ile ya 1967 ilipata watu milioni 12.3, ya 1978, milioni 17.5, ya 1988, milioni 23, ya 2002, milioni 34.4, ya 2012, watu 44,928,923, na ya 2022, watu 61,741,120. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kugawanya hesabu ya 2022 kwa ile ya 2012 na kupata 1.374, kisha atafute kwa jedwali la logi ni kiwango gani cha mwaka kinachozaa ongezeko hilo katika miaka kumi. Atakuta ni asilimia 3.2. Idadi inayokua kwa kiwango hicho huongezeka maradufu katika muda wa miaka 22 hivi. Katika hesabu ya 2022, zaidi ya watu wanne katika kila kumi walikuwa hawajatimiza umri wa miaka 15.

Takwimu hizo zasomeka kama kwamba zimetoka katika mashine. Sensa ya 2022 kweli ilitumia vishikwambi badala ya karatasi, na walimu wengi wanavifahamu vizuri, maana vifaa hivyo baadaye walikabidhiwa wao. Hata hivyo kishikwambi hakimwoni mtu. Humwandika yule tu ambaye mkuu wa kaya amemtaja.

Hasara ya mmoja asiyetajwa

Aghalabu husemwa kwamba asiyehesabiwa huikosesha serikali mipango mizuri. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni ya jumla mno kiasi kwamba haimgusi mtu. Afadhali tuangalie mfano mmoja wa kubuni, na tuuangalie kwa tarakimu.

Zahanati moja inahudumia vijiji vitatu. Kwa mujibu wa sensa, vijiji hivyo vina watoto 200 wa umri wa kuchanjwa surua. Muuguzi anaagiza chanjo kwa hesabu hiyo na akiba kidogo, anafanya kazi kwa bidii, na mwisho wa mwaka amechanja watoto 210. Taarifa yake inaonyesha mafanikio ya asilimia 105. Wilayani wanaisoma, wanampongeza, na gari la huduma za mkoba linapelekwa mahali pengine penye takwimu mbaya zaidi.

Sasa tuseme kwamba watoto wa kweli walikuwa 260, na kwamba 60 hawakutajwa kwa karani. Waliochanjwa ni 210 kati ya 260, yaani asilimia 81 tu. Surua ni ugonjwa unaoambukiza mno. Ili usienee, karibu watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Watoto 50 waliobaki bila chanjo wanatosha kabisa kuulisha ugonjwa. Si ajabu kwamba wao aghalabu ni walewale ambao sensa haikuwaona: watoto wa kambi ya wavuvi, wa kitongoji kilicho ng'ambo ya mto, wa boma lililohamia malishoni.

Zingatia kwamba asilimia ni kitu cha juu kilichogawanywa kwa kitu cha chini. Muuguzi alikihesabu cha juu kwa uaminifu. Cha chini kilitoka katika sensa, na kosa lililomo humo hudumu mpaka sensa nyingine, maana makadirio yote ya miaka ya katikati hujengwa juu yake.

Kwa nini watu hujificha

Ni rahisi kuwalaumu wanaojificha kwamba ni wajinga. Historia haikubali hukumu hiyo. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza walipoiendeleza pamoja na kodi ya kichwa, mtu aliyeandikwa jina alikuwa mtu wa kutozwa. Kabla ya mwaka 1948 makadirio ya idadi ya Waafrika wa Tanganyika yalitegemea kwa sehemu kubwa orodha za walipa kodi. Kwa hiyo babu aliyekimbilia porini alipomwona mwandishi hakuwa mjinga. Alikuwa anajua hesabu ile ni ya nini. Hofu ya namna hiyo haifi pamoja na sheria iliyoizaa.

Kuna pia miiko. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki haifai kuwahesabu watoto kwa vidole, wala kutaja idadi ya ng'ombe, kwa kuogopa kwamba kinachohesabiwa hupungua. Karani mwenye busara hagombani na mwiko. Hamwulizi mama "una watoto wangapi?", bali humwomba amtajie majina ya waliolala nyumbani, mmoja mmoja, na tarakimu hujumlishwa baadaye mbali na masikio yake.

Lililo zito zaidi ni aibu. Zipo nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu hatajwi kwa mgeni yeyote. Mtoto huyo hayumo katika orodha ya shule, hayumo katika kliniki, na karani akiondoka bila kumwandika, basi kwa upande wa taifa hayupo duniani.

Wengine hukataa kwa hoja iliyo wazi. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walisusia sensa wakidai kwamba dodoso liulize dini, swali lililoulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Na serikali iliongeza siku saba za kuhesabu. Mtu aweza kuwa na haki ya kubishania maswali ya dodoso. Lakini kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ubishi huo ufanywe kabla ya usiku wa sensa, wakati dodoso linapotungwa. Maana asiyehesabiwa hawezi kuonekana katika jibu la swali lolote, liwe lile analolitaka au asilolitaka.

Na yafaa kusema kwamba si kila kosa ni la upungufu. Pale watu wanapoamini kwamba idadi huleta viti bungeni na fedha, hujitia wengi kuliko walivyo. Matokeo ya sensa ya Nigeria ya mwaka 1973 yaliyotangaza karibu watu milioni 80 yalifutwa kwa kutoaminika. Na sensa ya mwaka 1991, iliyofanywa miaka 18 baadaye, ilipata milioni 89 tu. Kwa Kenya, mwaka 2010 serikali ilitangaza kuyakataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini katika sensa ya 2009, na shauri hilo likafika mahakamani.

Dawa ya hofu hizo haitoki makao makuu peke yake. Matangazo ya redio husaidia, lakini mlango hufunguliwa kwa mtu anayefahamika. Mwenyekiti wa kitongoji anayeongozana na karani, imamu au padri anayelieleza jambo hilo baada ya ibada, mwalimu anayejibu maswali katika mkutano wa kijiji: hao ndio sensa. Jambo la kwanza la kueleza ni kwamba sheria inamkataza karani kumtolea mtu mwingine habari za mtu mmoja mmoja, na kwamba ripoti za sensa huchapisha jumla, si majina.

Umri wa bibi

Kuna kazi moja ambayo vijana wa sekondari wanaifanya vizuri kuliko mtu yeyote, nayo ni kutafuta umri wa wazee kabla karani hajafika. Mtu asiyejua mwaka aliozaliwa hujibu kwa kukadiria, na makadirio hupenda tarakimu 0 na 5. Matokeo yake ni kwamba katika sensa za nchi nyingi watu wa miaka 40 huonekana wengi kupita kiasi, na wa miaka 39 na 41 wachache.

Wataalamu hupima kasoro hiyo kwa kipimo cha Whipple. Chukua watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62. Hesabu wale ambao umri wao unaishia 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla ya wote, kisha zidisha kwa 100. Kama kila mtu anajua umri wake, jibu litakaribia 100. Kama wote wamekadiria kwa tarakimu hizo mbili, jibu ni 500.

Tiba yake ni kalenda ya matukio. Muulize bibi kama alikuwa amezaliwa kimbunga kilipoipiga Lindi mwaka 1952. Kama alikwisha kuolewa siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Kama mwanawe wa kwanza alikuwa akitambaa wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, au alikuwa na ukubwa gani wakati wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa wasio wazee sana, kuna kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999. Kila wilaya ina matukio yake, pamoja na majina ya njaa zake, ambayo hayamo katika kitabu chochote. Na hayo ndiyo bora kuliko yote.

Kuhesabu mara ya pili

Je, wataalamu hawawezi kugundua waliosahauliwa na kuwaongeza kwa hesabu? Wanaweza, kwa kiasi. Baada ya sensa huchaguliwa maeneo machache, na makarani wengine huyahesabu upya bila kuona orodha ya kwanza. Kisha orodha mbili hulinganishwa jina kwa jina.

Tuseme katika kijiji fulani sensa iliandika watu 900. Hesabu ya pili imeandika 850, na katika hao 810 wamo pia katika orodha ya kwanza. Basi sensa iliwapata 810 kati ya 850, yaani asilimia 95.3. Ikiwa iliwapata watu wote wa kijiji kwa kiwango hichohicho, watu wa kijiji ni 900 × 850 ÷ 810, ambayo ni 944. Waliosahauliwa ni 44. Mdenmark C. G. J. Petersen alitumia fikra kama hii kwa samaki mwaka 1896, kwa kuwatia alama na kuwavua tena. Na mwaka 1949 Chandra Sekar na Deming waliitumia kwa vizazi na vifo karibu na Calcutta, India.

Hesabu hii ina sharti moja: kwamba aliyekosekana mara ya kwanza ana nafasi sawa na wengine ya kupatikana mara ya pili. Aliyekuwa shambani siku ya kwanza atakutwa siku ya pili. Lakini mtoto aliyefichwa chumbani kwa aibu atafichwa tena, na mwenye kuogopa kodi ataogopa mara mbili. Kijiji chetu chaweza kuwa na watu 1,000 kamili, na hao 56 waliobaki hawataonekana katika orodha yoyote wala katika kanuni yoyote.

Zoezi kwa darasa

Tafuta kopo kubwa lenye mdomo mpana na maharagwe 300. Gundisha 30 chini ya kopo kwa utomvu au gundi, kisha mimina 270 yaliyobaki. Mwanafunzi mmoja achote konzi kadhaa mpaka apate 100, ayatie alama kwa wino, ayarudishe na kuyakoroga taratibu kwa kijiti. Mwingine, bila kuangalia, achote 90 na kuhesabu yenye alama. Zidisha 100 kwa 90, gawanya kwa idadi ya yenye alama, na uandike jibu ubaoni. Rudieni mara kumi na mtafute wastani wa majibu. Kisha mwalimu aulize darasa, kabla ya kuwaonyesha chini ya kopo, kwa nini wastani huo unazungukia 270 na haufiki 300.